Bomba Lapita Uani, Hesabu ya Moshi Haifiki Mezani

Tarehe 20 Mei 2021, hapa Dar es Salaam, Serikali ya Tanzania ilitia saini mkataba wa nchi mwenyeji wa Bomba la Mafuta Ghafi la Afrika Mashariki, Rais Yoweri Museveni akiwa mgeni wetu. Julai ya mwaka huohuo Serikali hiyohiyo ikapeleka Umoja wa Mataifa ahadi yake mpya ya tabianchi: kupunguza gesijoto kwa asilimia 30 hadi 35 ifikapo 2030. Katikati hapo ni kama miezi miwili. Sijui kama waliokaa meza ya Mei na waliokaa meza ya Julai waliwahi kunywa chai pamoja. Nina shaka, na makala hii inahusu chai hiyo ambayo haikunywewa.

Vijiweni jambo hili humalizwa upesi kwa methali: mpanda farasi wawili hupasuka msamba. Ni methali nzuri, ila hapa haijatimia. Miaka imepita, farasi wote wawili wanatembea, na mpandaji hana hata mchubuko. Bomba linachimbiwa, na viongozi wetu wanaendelea kupanda majukwaa ya tabianchi na kupigiwa makofi. Maelezo yake, kwa maoni yangu, ni mepesi: farasi hao hawajawahi kupita barabara moja. Bomba ni mali ya Wizara ya Nishati, ya Shirika la Maendeleo ya Petroli, TPDC, na ya Ikulu panapohitajika saini kubwa. Tabianchi iko Ofisi ya Makamu wa Rais, Muungano na Mazingira. Upande mmoja unaamua, mwingine unaandika mikakati na kutafuta wafadhili. Tunauita huu mvutano, lakini mvutano unahitaji pande mbili zilizoshika kamba moja.

Kwa asiyefuatilia, nieleze kwanza bomba lenyewe. Uganda iligundua mafuta ya kuchimbika kibiashara kando ya Ziwa Albert mwaka 2006. Ikatafuta njia ya kufika baharini, ikazungumza na Kenya kuhusu Lamu, na Aprili 2016 ikachagua Tanga. Urefu wote ni kilomita 1,443, na kati ya hizo 1,147 ziko kwetu, yaani karibu asilimia 80. Linaingia Kagera na kupita Geita, Shinyanga, Tabora, Singida, Dodoma na Manyara, kisha linaishia rasi ya Chongoleani, kaskazini mwa mji wa Tanga. TotalEnergies ya Ufaransa ina hisa asilimia 62, shirika la mafuta la Uganda 15, TPDC 15, na CNOOC ya China 8. Gharama ilianza kutajwa kama dola bilioni 3.5, siku hizi inatajwa kuwa zaidi ya bilioni 5.

Mafuta yenyewe yana nta. Msomaji wa Dar aliyewahi kununua mafuta ya nazi atanielewa: mwezi wa saba kibaridi kikiingia, chupa inaganda hadi uiweke juani. Mafuta ya Hoima, huko Uganda, nayo yanaganda, tena katika joto la kawaida tu. Ndiyo maana bomba limevikwa koti la kutunza joto, kazi iliyofanyiwa kiwanda cha Sojo, wilayani Nzega, na linapashwa kwa umeme ili yaliyomo yabaki kwenye nyuzijoto 50 hadi yafike baharini. Bomba refu namna hii linalopashwa moto njia nzima halijawahi kujengwa mahali pengine duniani. Sisemi hivyo kwa kujivuna wala kwa kulaani. Nakumbusha tu kwamba mradi huu utakula nishati kila siku ya uhai wake kabla tone moja halijachomwa kwenye injini yoyote.

Sasa nimtaje shangazi yangu. Ana nyumba Magomeni, kiwanja cha zamani chenye uani mpana. Miaka mingi iliyopita jirani wa nyuma, ambaye nyumba yake haina njia ya kufika barabarani, alimwomba apitishe bomba la majitaka uani kwake. Shangazi akakubali. Kila mwezi analetewa kitu kidogo, na Idi anakumbukwa kwa sahani. Uswahilini mambo huenda hivyo, na hakuna ubaya. Lakini niliwahi kumuuliza: shangazi, likipasuka? Akanijibu: "Likipasuka linapasuka kwangu, mwanangu, si kwake."

Tanzania ni shangazi. Mafuta si yetu. Tunachouza ni uani.

Tunauza kwa bei gani? Tozo ya kusafirisha iliyokubaliwa ni dola 12.77 kwa pipa. Bomba likijaa kwa uwezo wake wa juu, mapipa 246,000 kwa siku, hiyo ni kama dola milioni 3.1 kila siku, au bilioni 1.1 na ushei kwa mwaka. Hisa yetu ya asilimia 15 ukiitazama kavukavu, kabla ya madeni, riba, umeme wa kupashia na mishahara, ni kama dola milioni 170 katika mwaka ambao mambo yote yamenyooka. Baada ya madeni itakuwa pungufu sana, kwa sababu mradi umekopewa na wakopeshaji hulipwa kabla ya wenye hisa. Zipo kodi, zipo ajira, ipo bandari ya Tanga inayochangamka, na wapo vijana wa Nzega waliojifunza kazi ambayo hawangeipata kwingine. Sizidharau. Nasema tu kwamba tunazungumzia mapato ya mwenye njia. Tukiyaita neema ya mafuta tutakuwa tumeazima jina la Waganda.

Turudi kwenye moshi, maana hapo ndipo pana utamu na pana ujanja.

Katika utaratibu wa Umoja wa Mataifa, gesijoto huandikwa kwenye daftari la nchi inakotoka. Mafuta yakichomwa Rotterdam au Shanghai, moshi ni wa huko. Tanzania itaandika ule wa kwake tu: pampu, vipasha joto, mitambo ya Chongoleani, miti iliyokatwa kwenye mkuza, yaani ukanda wa ardhi linamopita bomba. Kwa hiyo mtu wa Serikali akisimama na kusema bomba halivunji ahadi yetu ya tabianchi, kisheria anasema kweli. Wanaharakati wanaomzomea kwa hilo wanapoteza pumzi zao.

Lakini tuchukue kalamu. Pipa moja la mafuta likichomwa hutoa zaidi ya kilo 400 za hewa ukaa. Kwa mapipa 216,000 kwa siku, makadirio yaliyozoeleka ya uzalishaji utakapopamba moto, unapata kama tani milioni 34 kwa mwaka. Sasa fungua ahadi yetu ya 2021. Inasema tutapunguza tani kati ya milioni 138 na 153. Yaani moshi wa mafuta yatakayopita uani kwetu kila mwaka ni karibu robo ya kile tulichoahidi kupunguza. Madaftari ni mawili tofauti, nakubali. Anga ni moja.

Ahadi yenyewe nayo ina jambo. Asilimia 30 hadi 35 ya nini? Si ya moshi tunaotoa leo. Ni ya moshi ambao tungeutoa mwaka 2030 kama tusingefanya lolote. Tani milioni 138 zikiwa asilimia 30, maana yake tumejikadiria tani milioni 460 kwa mwaka. Ni sawa na mtu anayesema atabana matumizi kwa theluthi moja, ukimuuliza ya nini anakujibu: ya pesa ambazo ningezitumia kama ningekuwa tajiri. Si uongo. Nchi nyingi zinazoendelea zimeandika hivyo, na kwa haki, maana huwezi kumwambia mtu asiye na umeme apunguze umeme. Tatizo ni kwamba ahadi ya namna hiyo haimzuii mtu kufanya lolote. Mradi wowote unaingia ndani yake bila kubisha hodi. Ndiyo maana Mei na Julai hazikugongana.

Hapa lazima niwaguse Wazungu kidogo, kisha niwaache. Septemba 2022 Bunge la Ulaya lilipitisha azimio la kulipinga bomba hili, likataka mradi usubiri kwa mwaka mmoja ili itafutwe njia nyingine. Benki kubwa za Magharibi zikajitoa mojamoja. Kampala wakang'aka, Dodoma wakang'aka, na ukweli ni kwamba walikuwa na haki ya kung'aka: Mei ya mwaka huohuo Kansela wa Ujerumani alikuwa Dakar akizungumzia gesi ya Senegal, kwa sababu ya Urusi walikuwa wanaikimbia. Kampuni ya dola ya Norway, Equinor, imekaa miaka na miaka ikisubiri gesi yetu ya Lindi pamoja na Shell. Na mwenye asilimia 62 ya bomba wanalolilaani ni kampuni ya Paris. Unafiki huo hauhitaji mchambuzi. Hata mtoto wa darasa la nne anauona.

Ila umetuharibia mjadala. Tangu siku ile, kila anayeuliza swali kuhusu bomba hapa nchini anatazamwa kama ametumwa. Tulipata jibu zuri la kuwapa Brussels, tukaligeuza kuwa jibu la kumpa mkulima wa Singida. Mkulima huyo hakuuliza kuhusu ukoloni mamboleo. Aliuliza mbona alithaminiwa shamba, akaambiwa asipande tena mazao ya kudumu, halafu fidia ikachukua miaka kufika. Waliopisha mradi upande wetu ni zaidi ya watu 9,000. Idadi kubwa wamelipwa, wengine wamejengewa nyumba nzuri kuliko walizokuwa nazo, na hilo ni la kusifiwa. Lakini kusubiri kwao hakuna mtu wa Ulaya aliyekubuni.

Fedha zilizokosekana Ulaya zilipatikana. Machi 2025 ilitangazwa awamu ya kwanza ya mikopo, kutoka Afreximbank, Standard Bank ya Afrika Kusini, Stanbic na KCB za Uganda, na taasisi moja ya fedha ya Kiislamu. Kwa maneno mengine, Afrika imejikopesha. Kuna fahari hapo, na pia kuna hatari isiyotajwa sana: ikitokea dunia imepunguza hamu ya mafuta kabla deni halijaisha, atakayebaki na mzigo si benki ya London iliyojitoa mapema. Ni sisi kwa sisi.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kwangu ni zito kuliko yote, nalo halina hata tone la mafuta ndani yake. Ni kalenda. Njia ya Tanga ilichaguliwa Aprili 2016. Mkataba wa nchi na nchi ulisainiwa Mei 2017. Jiwe la msingi, Rais Magufuli na Rais Museveni waliliweka Chongoleani tarehe 5 Agosti 2017, ngoma zikapigwa. Cheti cha tathmini ya athari kwa mazingira kutoka Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, kilikuja 2019.

Soma tena miaka hiyo. Jiwe kwanza, tathmini baadaye.

Siwalaumu wataalamu wa NEMC. Tathmini ilikuwa ndefu na nzito kimaandishi. Ninauliza tu: ni mtaalamu gani duniani, awe wa Mikocheni au wa Stockholm, angekaa mwaka 2019 na kuandika kwamba mradi ambao marais wawili wameshauwekea jiwe haufai? Kazi iliyobaki hapo ni kusogeza mkuza mita mia mbili kuukwepa msitu, kupendekeza vali zaidi karibu na mto, kupanga nini kifanyike yakimwagika. Kazi muhimu, naam. Lakini swali la tabianchi haliulizwi na mtu aliyekuja kupima mkuza. Swali hilo huulizwa kabla: je, nchi hii, kwa sera yake, inataka kuwa njia ya mafuta kwa miaka 25 ijayo, na kwa masharti gani? Mwaka 2016 swali hilo halikuwa na mwenyewe. Nikiangalia namna ofisi zilivyogawanywa, hata leo halina.

Kuna watu watasema bomba ni bomba, tumeshayazoea. Kweli tumeyazoea. Bomba la TAZAMA linaanzia Kigamboni na kwenda Ndola tangu 1968, kilomita 1,710, lilijengwa Zambia ilipofungiwa njia ya kusini na Wazungu wa Rhodesia. Lilibeba mafuta ghafi kwa miongo mingi, na 2023 likageuzwa kubeba dizeli. Hilo halikuwa na sera ya tabianchi ya kugombana nayo. Lilikuwa na ukombozi. Ukiwauliza wazee wa Kigamboni walionusa ule moshi wa matangi, hakuna atakayekwambia lilikuwa kosa.

Bomba la gesi la Mtwara ndilo lenye somo. Wengi Dar tumelisahau kwa sababu lilituletea umeme. Mwanzoni mwa 2013 watu wa Mtwara waliingia barabarani na kauli moja: gesi haitoki. Mei ya mwaka ule, hotuba ya bajeti ya nishati iliposomwa, mji ukawaka, jeshi likapelekwa, watu wakafa. Bomba likajengwa, likakamilika 2015, na leo gesi ile inageuka umeme pale Kinyerezi, na bajaji zetu zinapanga foleni ya kujaza gesi hadi usiku wa manane. Mimi mwenyewe napikia gesi na nawasha taa kwa gesi. Nikiwaambia watu wa Mtwara walikosea, nitakuwa mnafiki kuliko Bunge la Ulaya. Hawakukataa bomba kwa sababu ya moshi. Walikataa uamuzi uliofanyika mbali nao halafu wakaletewa kama habari. Hoima kwenda Tanga haikuleta ghasia, nadhani kwa sababu fidia ilisimamiwa kwa macho mengi ya nje, na pia kwa sababu sisi wa sasa tumejifunza kunyamaza. Ukimya huo usihesabiwe kuwa ridhaa.

Wanaosema sera ya tabianchi ya Tanzania ni maneno matupu nao wanakosea, na ningependa wasinihesabu upande wao. Bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115, mitambo yake yote ilikamilika 2025. Treni ya umeme inakwenda Dodoma tangu 2024, na kila anayepanda pale stesheni ya Magufuli anajua ni magari mangapi yamepungua barabarani. Mei 2024, hapa Dar, Rais Samia alizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia wenye lengo la asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, na siku chache baadaye akawa mwenyekiti mwenza Paris kwenye mkutano uliotoa ahadi za dola bilioni 2.2 kwa Afrika. Taasisi zinazopikia zaidi ya watu 100 zimepigwa marufuku kuni na mkaa. Januari 2025 marais wa Afrika walikutana mjini hapa na kutoa Azimio la Dar es Salaam la kuwafikishia umeme watu milioni 300. Haya ni mambo makubwa, na mengine yanaokoa maisha ya mama anayekohoa jikoni leo.

Lakini tazama yanafanana nini. Yote yanajenga. Yote yanaomba au yanakopa fedha. Hakuna hata moja linalosema hapana, au linalosema ndiyo kwa sharti. Sera yetu ya tabianchi ina mkono wa kupokea tu. Mkono wa kuzuia, au angalau wa kushika kiunoni na kuuliza, haujaota.

Na hatuwezi kujidai ni jambo la mbali. Desemba 2023 matope ya Mlima Hanang yalishuka Katesh, mkoani Manyara, mkoa uleule bomba linaopita, na kuua watu kwa makumi. Mvua za msimu ule zikaendelea hadi Aprili 2024, Waziri Mkuu akaliambia Bunge kuwa waliokufa wamefika 155. Mwezi uliofuata kimbunga Hidaya kikaja hadi Mafia, jambo la nadra sana kwenye pwani yetu. Hapa mjini, Jangwani inafunga barabara kila masika, na karakana ya mwendokasi iliyojengwa kwenye njia ya maji ikawa bwawa la mabasi. Waliohamishwa bondeni baada ya mafuriko ya Desemba 2011 na kupelekwa Mabwepande wanayajua haya bila kusoma ripoti.

Kuuponya mto Msimbazi peke yake kumehitaji mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 200, ukiacha nyongeza za Hispania na Uholanzi. Mkopo, siyo msaada. Tutaulipa. Sasa rudi juu kwenye ile hesabu ya hisa yetu ya asilimia 15: gawio la mwaka mmoja wa bomba lililojaa, bila kutoa hata senti ya gharama, halifiki mkopo wa mto mmoja wa mji mmoja. Nimeiweka hesabu hii mbele ya rafiki yangu mmoja mchumi akasema nalinganisha embe na muhogo. Labda. Lakini vyote vinaliwa na mtu yuleyule.

Basi tufanye nini? Bomba lenyewe halirudi nyuma. Mwishoni mwa 2025 ujenzi ulikuwa umevuka theluthi mbili kwa mbali, mabomba yako ardhini, madeni yameshachukuliwa. Anayedai leo lisimamishwe anajifurahisha. Ninachokitaka ni cha chini zaidi, na kwa hiyo kigumu kukikwepa.

Kwanza, mapato ya mwenye njia yawe na mfuko wenye jina. Kila dola ya tozo, kodi na gawio inayotokana na bomba hili isomwe bungeni kivyake, na sehemu yake iende moja kwa moja kwenye kuhimili tabianchi: mifereji, kingo za mito, mbegu, vituo vya hali ya hewa. Ikiingia mfuko mkuu imepotea kama mvua baharini, na mwaka 2040 hakuna atakayeweza kusema bomba lilituachia nini.

La pili ni zito zaidi, kwa sababu foleni ni ndefu. Ipo gesi ya kusindika Lindi, mradi unaotajwa kwa dola bilioni 42. Yapo makubaliano ya 2021 ya bomba la gesi kutoka Dar hadi Mombasa. Yapo mazungumzo ya gesi kwenda Uganda, na ya bomba la pili la mafuta kwenda Zambia sambamba na TAZAMA. Hiyo ndiyo Mei nyingine inayokuja. Kwa kila mmoja wa miradi hii, kabla ya jiwe na kabla ya saini, Ofisi ya Makamu wa Rais iandike waraka wa wazi unaojibu maswali machache: moshi utakaohesabiwa kwetu ni kiasi gani, utakaohesabiwa kwa wengine ni kiasi gani, na biashara hii itakuwa hai kwa miaka mingapi ikiwa wanunuzi watatimiza hata nusu ya ahadi zao. Mawaziri wausome, kisha waamue watakavyo. Wanaweza kuamua ndiyo. Mimi kwa gesi ya kupikia na umeme ningeamua ndiyo. Lakini uamuzi uwe umeonwa na macho yote mawili.

Tusijidanganye kwamba lile daftari la nchi moja moja litatulinda milele. Tarehe 23 Julai 2025 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa maoni yake kuhusu wajibu wa nchi katika tabianchi. Haikuishia kwa mwenye kuchoma. Ilitaja pia uzalishaji wa mafuta na gesi, utoaji wa leseni na ruzuku, ikasema mambo hayo yanaweza kuwa kosa la nchi kisheria. Ni maoni ya ushauri, hayatumi polisi kwa mtu. Nayo hayajaitaja nchi inayotoa njia. Ila mawakili husoma, na kati ya leseni ya kuchimba na mkataba wa kupitisha hapana umbali mkubwa kwa wakili mwenye njaa.

Halafu kuna swali ambalo sijasikia likijadiliwa kwenye kijiwe chochote, wala redioni: likiisha kazi, nani analitoa? Mafuta ya Ziwa Albert yanayoweza kuvunwa yanakadiriwa kuwa mapipa bilioni 1.4. Yana mwisho, na mwisho wake ndani ya umri wa mtoto anayeanza darasa la kwanza leo Chongoleani. Siku hiyo kutakuwa na kilomita 1,147 za chuma chini ya mashamba ya mikoa minane, na matangi makubwa kwenye rasi, jirani na bahari yenye samaki silikanti tuliyemtengea hifadhi mwaka 2009. Fedha za kufunga na kusafisha zinapaswa kuanza kuwekwa pembeni mapema, wakati mapipa yanatiririka, siyo siku ya mwisho wenye hisa wakiwa wameshafunga mabegi. Kiasi gani, akaunti gani, nani mwenye saini: mbunge yeyote wa Tanga, Singida au Kagera anaweza kuyauliza haya Dodoma kikao kijacho, na jibu lake lingenisaidia kulala kuliko hotuba kumi za kijani.

Yule jirani wa shangazi alishauza nyumba. Mnunuzi akapata njia ya upande wa pili, akachimba shimo lake, na kile kitu kidogo cha kila mwezi kikakoma. Mwaka jana shangazi alitaka kujenga ukuta. Fundi alipochimba msingi akagonga bomba la zamani, akaacha koleo na kuuliza ni la nani. Shangazi akatoka na kanga yake, akaliangalia kwa muda, akasema, "Siku hizi ni langu." Kulitoa alitajiwa laki nne.